Kumbukumbu Unayoweza Kubeba

Somo hili linaweza kusomwa na mtu peke yake, na familia, au na kamati ya wakimbizi wa ndani. Mkisoma katika kikundi, mmoja asome kwa sauti na wengine wawe na kaye na biki mkononi. Mwenye simu aiweke karibu, hata kama ni ya vibonyezo. Msiharakishe. Somo hili linatosha kwa mikutano miwili.

Kinachobaki nyuma

Mtu anayefika Kamina akikimbia, kwa treni au kwa miguu, kwa kawaida amebeba vitu ambavyo sisi sote tunavijua: mtoto mgongoni, sufuria, blanketi, pengine kuku mmoja. Karatasi hubaki nyumbani, au hulowana njiani. Mji wetu umewaona watu hao mara nyingi. Mwaka 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai waliofukuzwa kutoka miji ya Katanga walipita hapa kwa reli. Wakati wa vita vya 1998 hadi 2003 walikuja wengine kutoka upande wa kaskazini. Mwishoni mwa 2005 na mwanzoni mwa 2006, mapigano kati ya jeshi na Mai-Mai katika Katanga ya kati yaliwatoa watu zaidi ya laki moja katika vijiji vyao, wengine wakajificha hata kwenye visiwa vya ziwa Upemba.

Pamoja na karatasi, kitu kingine huanza kupotea polepole: yale ambayo familia inayajua. Mpaka wa shamba uko wapi? Nani alikopa mbegu, na nani alimkopesha? Mtoto wa tatu alizaliwa tarehe gani? Chefu alisema nini siku ile, mbele ya watu gani?

Miezi ya kwanza kichwa kinakumbuka. Baada ya mwaka mmoja au miwili kichwa kimechoka, na kumbukumbu zetu wenyewe huanza kuchanganyika na yale tunayoyasikia kila jioni kambini. Mtu anaanza kusimulia jambo alilolisikia kana kwamba alikuwapo. Hadanganyi, anaamini kweli kwamba aliliona. Sisi tunaofanya kazi ya upatanisho tunaogopa jambo hilo kuliko kusahau. Mtu aliyesahau mpaka wa shamba anaweza kuuliza. Lakini mtu anayeamini kwamba alimwona jirani yake akichoma nyumba, na kumbe aliambiwa tu, atarudi kijijini na neno hilo mdomoni.

Kwa hiyo somo letu ni namna ya kuandika na kutunza yale tunayoyajua, katika kaye au katika programu ya simu, ili tujue pia tumeyajuaje.

Wazee wa nchi hii walifanyaje?

Wengine watasema kuandika kumbukumbu ni mambo ya wasomi na ya kompyuta. Katika nchi ya Waluba hatuwezi kusema hivyo. Ufalme wa Waluba ulikuwa na chama kilichoitwa Mbudye, ambacho kazi yake mojawapo ilikuwa kutunza historia ya wafalme, safari za koo na sheria za utawala. Ndani yake walikuwapo waliobobea, walioitwa *bana balute*, watu wa kumbukumbu. Chombo chao ni lukasa: kibao cha mti kinachoenea mkononi, kilichopigiliwa shanga na makombe, au kuchorwa kwa kisu. Leo vibao hivyo vinaonekana katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani. Mwaka 1996 maonyesho makubwa yalifanywa New York juu ya sanaa ya Waluba, na neno kuu la maonyesho hayo lilikuwa kumbukumbu.

Msomaji wa lukasa alikishika kibao kwa mkono wa kushoto, akapitisha kidole cha mkono wa kulia juu ya shanga, huku akisema au akiimba. Ushanga mmoja uliweza kuwa mtu mmoja. Ushanga mkubwa uliozungukwa na midogo ulikuwa chefu na watu wake. Mstari wa shanga ulikuwa njia au safari. Hakuna ushanga uliosema neno lote. Maana yake ilitoka kwa jirani zake, na kwa mtu aliyefundishwa kuusoma.

Kuna mambo matatu hapa ambayo tutayatumia katika somo lote. Lukasa ilikuwa ndogo, ya kubebwa. Vitu vyake vilikuwa vifupi, lakini vimeungana. Na haikuwa ya macho ya kila mtu: katika Mbudye kulikuwa na ngazi, na kila ngazi ilifunguliwa mambo yake.

Ninaongeza mfano mmoja wa karibu zaidi na karatasi. Mwaka 1965, Lubumbashi, wakati huo ikiitwa Elisabethville, mtu aliyeitwa André Yav aliandika historia ya mji huo kwa ajili ya chama cha wafanyakazi wa zamani wa nyumbani: wapishi, maboi, wale waliofua nguo za Wazungu. Aliiandika kwa Kiswahili cha Katanga, kama kinavyosemwa, bila kufuata tahajia ya shule. Wakati mtaalamu Johannes Fabian alipoitayarisha ili ichapishwe mwaka 1990, maandishi hayo yalikuwa magumu kwa macho. Ilibidi mwenyeji, Kalundi Mango, ayasome kwa sauti, ndipo yakaeleweka vizuri. Basi usione haya kwa sababu ya tahajia yako. Andika kwa lugha ya mdomo wako, na usome kwa sauti ulichoandika.

Kipande kimoja, jambo moja

Kosa la kwanza la watu wengi ni kuandika kila kitu mfululizo, ukurasa baada ya ukurasa, kama barua ndefu. Ukitaka kujua tarehe ya kuzaliwa ya mtoto unasoma kurasa arobaini. Njia bora ni kuandika vipande vifupi, kila kipande jambo moja, na kila kipande na kichwa chake. Ujerumani alikuwapo profesa mmoja, Niklas Luhmann, aliyekufa mwaka 1998. Aliacha masanduku yenye kadi kama 90,000, kila kadi na wazo lake na namba za kadi nyingine zinazohusiana nayo. Sisi hatuna haja ya kadi 90,000. Familia inaweza kuanza na kumi.

Katika kila kipande weka tarehe na mahali ulipoandika. Kisha ugawe maneno yako chini ya maneno matatu:

NIMEONA: yale ambayo macho yako yaliyaona na masikio yako yaliyasikia, wewe ukiwapo.

NIMESIKIA: yale uliyoambiwa, pamoja na nani alikuambia na lini.

NADHANI: mawazo yako, hofu yako, matumaini yako.

Mwishoni andika *Tazama*, kisha majina ya vipande vingine vinavyohusiana na hiki. Hivyo ndivyo shanga zinavyopata jirani.

Tuchukue mfano. Tuseme mama mmoja alikimbia kutoka kijiji cha karibu na ziwa, na sasa anakaa Kamina. Hiki ni kipande chake cha kwanza:

*Mpaka wa shamba la mihogo upande wa mfereji.* Kamina, 12/6/2024. NIMEONA: mpaka ni mfereji unaotoka kwenye mwembe hadi kwenye kichuguu kikubwa. Nililima pale tangu nilipoolewa, 2009, hadi tulipokimbia. NIMESIKIA: baba mkwe aliniambia, kabla hajafa, kwamba shamba alipewa baba yake na chefu wa zamani. NADHANI: jirani anaukubali mfereji, lakini sijawahi kumuuliza. *Tazama: Jirani wa mfereji. Chefu aliyekuwapo 2009.*

Na hiki ni cha pili:

*Jirani wa mfereji.* Kamina, 12/6/2024. NIMEONA: usiku tuliokimbia alimbeba mtoto wetu wa pili hadi kwenye mtumbwi. NIMESIKIA: mtu aliyefika mwezi wa 5 alisema kwamba jirani sasa analima shamba letu. NADHANI: anataka kulichukua. Au pengine analilinda lisiwe pori. Sijui. *Tazama: Mpaka wa shamba la mihogo. Mtoto wa pili.*

Someni vipande hivi mara mbili. Mama huyu ana hasira, na anayo haki ya kuwa nayo. Lakini kila atakapofungua kipande juu ya shamba, maandishi yake mwenyewe yatampeleka kwenye usiku wa mtumbwi. Na kila atakapofungua kipande cha jirani ataona kwamba habari ya kulimwa kwa shamba iko chini ya NIMESIKIA. Atakaporudi atakuwa na swali la kuuliza. Kama angekuwa na hadithi moja ndefu tu kichwani, angerudi na hukumu.

Tuseme wazi: kipande kama hiki si hati ya shamba. Sheria ya ardhi ya 1973 iliifanya ardhi yote kuwa mali ya dola, na haki nyingi za mashamba vijijini zimekaa katika maneno ya machefu na ya majirani, bila karatasi. Mahakama haitakupa shamba kwa sababu ya kaye yako. Lakini mbele ya chefu na wazee, mtu anayesema "mfereji, mwembe, kichuguu, tangu 2009" anasikilizwa tofauti na mtu anayesema "shamba ni letu tangu zamani".

Ndivyo ilivyo pia katika kesi kubwa. Kesi ya Gédéon Kyungu Mutanga na wenzake ilianza Kipushi mwaka 2007, juu ya mambo yaliyofanyika tangu 2003 hadi 2006, na hukumu ilitolewa Machi 2009. Katika kesi ya namna hiyo shahidi huulizwa: wapi, lini, uliona mwenyewe au uliambiwa? Ni maswali yale yale ya vipande vyetu.

Simu na programu zake

Sasa tuje kwenye vyombo. Kaye ni chombo kizuri, na kwa wengi wetu ndicho cha kwanza. Haitaki moto. Ubaya wake ni maji, panya, watoto wanaotafuta karatasi, na kwamba haiwezi kujitafutia.

Simu janja karibu zote zina programu ya kuandikia kumbukumbu. Faida yake kubwa ni kitufe cha kutafuta: unaandika "mfereji", na vipande vyote vyenye neno hilo vinatokea. Hata simu ya vibonyezo inaweza kutunza vipande vifupi kama ujumbe usiotumwa, ingawa havitakuwa vingi.

Hapa kuna mtego ambao watu wa Kamina wanaujua bila kuambiwa. Sisi tunachanganya Kiluba, Kiswahili na Kifaransa katika sentensi moja, na hakuna ubaya. Lakini simu haijui kwamba "deni" na "dette" ni kitu kimoja. Ukiandika leo hivi na kesho vile, utatafuta na hutapata. Chagua neno moja kwa kila jambo, liandike kwenye ukurasa wa kwanza wa kaye, na ulitumie daima. Kwa majina ya mahali ni vilevile: kuna wanaoandika Kinkondja na wanaoandika Kikondja. Chagua moja. Wengine huweka alama mbele ya neno, kwa mfano #shamba, #watoto, #deni, #ahadi. Maneno sita au saba yanatosha. Nimeona watu wakianza na maneno hamsini, na baada ya mwezi mmoja wameyaacha yote.

Ni programu gani ya kuchagua? Jaribu hivi kabla ya kuamua: zima intaneti, kisha ufungue programu. Vipande vyako vikionekana, na ukaweza kuandika kipya, ni vizuri. Visipoonekana, tafuta nyingine, kwa kuwa mtandao wetu unaondoka bila kuaga. Google Keep ni rahisi na watu wengi wanayo tayari. Joplin na Obsidian hutunza vipande ndani ya simu yenyewe na huunganisha kipande na kingine, kwa hiyo ule mstari wa *Tazama* unakuwa mlango: unaugusa na kipande kingine kinafunguka. Obsidian hutunza kila kipande kama faili ya maandishi ya kawaida, ambayo programu nyingine inaweza kuifungua hata kama Obsidian yenyewe haipo. Jambo hilo si dogo. Programu iitwayo Evernote ilitumiwa na watu wengi duniani kwa miaka mingi. Mwishoni mwa 2023 kampuni yake ilipunguza huduma ya bure hadi vipande 50 tu. Walioweka mambo yao yote humo walilazimika kulipa au kuhama. Sisi tumehama mara za kutosha.

Kwa wazee wasioandika, tumieni sauti. Bonyeza kitufe cha kurekodi, taja kwanza tarehe, mahali, na jina la jambo, halafu mwache mzee aseme bila kumkatiza. Baadaye kijana aandike kipande kifupi kinachosema sauti hiyo iko wapi na inahusu nini. Sauti ya nusu saa isiyo na kichwa hakuna atakayeisikiliza tena.

Nakala ni lazima. Simu huibwa, huanguka mtoni, huuzwa siku ya njaa. Kila mwisho wa mwezi nakili vipande kwenye kadi ya kumbukumbu, na vile vya lazima kabisa viandikwe kwa mkono kwenye karatasi iliyofungwa katika mfuko wa plastiki. Kazi hiyo mpe mtoto anayesoma sekondari. Ataifanya vizuri kuliko wewe, na atajua habari za familia yake.

Vipande vya kwanza vya familia

Anzeni na watoto. Kwa kila mtoto: jina lote kama litakavyoandikwa shuleni, tarehe na mahali alipozaliwa, majina ya wazazi, chanjo alizopata, darasa alilofikia na shule gani. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya 2009 inataka kila mtoto aandikishwe kwenye ofisi ya serikali ndani ya siku 90 baada ya kuzaliwa. Mtoto aliyezaliwa njiani ana haki hiyo kama mwingine, na Kanuni Elekezi za Umoja wa Mataifa juu ya wakimbizi wa ndani, za mwaka 1998, zinasema katika kanuni ya 20 kwamba serikali inapaswa kuwapa watu waliohama hati wanazohitaji na kuwarudishia zilizopotea. Anayekwenda ofisini na tarehe kamili ana kazi nyepesi kuliko anayesema "alizaliwa wakati wa mvua".

Pigeni picha ya kadi ya mchaguzi, kadi ya chanjo na bulteni ya shule, na mwandike namba zake kwa mkono pia.

Kisha madeni, kwa pande zote mbili. Watu hukumbuka wanaowadai na kusahau wanaodaiwa nao. Halafu shamba na nyumba. Na msiache hili: andikeni wema. Nani aliwapa maji? Nani aliwaficha? Nani wa kabila lingine au wa upande mwingine aliwafungulia mlango? Mambo mabaya hujikumbusha yenyewe usiku. Mema yanahitaji biki.

Kwa viongozi na kamati

Kiongozi wa wakimbizi ana mzigo wa pekee. Watu wa misaada wanakuja, wanahesabu, wanaahidi, wanaondoka. Baada ya miezi mitatu turubai hazijafika, na watu wanasema: "Kiongozi amekula." Mara nyingine ni kweli. Mara nyingi si kweli, lakini hana cha kuonyesha.

Kwa kila ziara andika kipande kimoja: nani alikuja, kutoka shirika gani, alisema nini hasa, kwa tarehe gani, na nani wengine walisikia. Andika maneno yake, si matumaini yako. "Tutaona kama tunaweza kuleta turubai" na "tutaleta turubai" si kitu kimoja, na kambi nyingi zimepigana kwa sababu ya tofauti hiyo. Kipande hicho kisomwe kwa sauti kabla watu hawajatawanyika, na mgeni akiwapo kama inawezekana.

Mimi mwenyewe niliwahi kuwa katibu wa mkutano mmoja wa upatanisho. Nikaandika mwishoni: "Watu wote walikubali." Niliposoma kwa sauti, mama mmoja mjane akasimama akasema, "Mimi sikukubali. Nilinyamaza." Nilikuwa nimeandika NADHANI mahali pa NIMEONA. Nilifuta mstari ule, nikaandika kwamba watu kumi na wanne walisema ndiyo na wengine walinyamaza. Mkutano uliendelea saa mbili zaidi, na mambo yaliyotoka katika saa hizo mbili ndiyo tuliyokuwa tumeyatafuta tangu asubuhi.

Vipande vya kamati ni vya kamati. Rais wa kamati akibadilishwa, asiondoke navyo katika simu yake. Wekeni nakala kwa watu wawili wasio wa familia moja.

Na tusidhani kwamba kuna mtu mwingine atakayetuandikia kila mara. Mwaka 2004 Kamina ilikuwa mahali pa mkutano wa amani uliowakutanisha viongozi wa serikali, wa dini na wa Mai-Mai, na Askofu Ntambo Nkulu Ntanda wa Kanisa la Metodisti alikuwa mmoja wa walioufanyia kazi. Mmarekani Pamela Couture alikusanya simulizi za watu wa upande huu juu ya kazi ya amani ya miaka ile, na kitabu chake kikatoka mwaka 2016. Tunamshukuru. Lakini kimeandikwa kwa Kiingereza, na wengi waliosimulia hawawezi kukisoma.

Yasiyoandikwa

Tulisema lukasa haikuwa ya macho ya kila mtu. Sehemu hii someni polepole.

Simu inaweza kufunguliwa na mtu mwenye silaha kwenye kizuizi. Kwa hiyo msiandike katika simu orodha za watu kwa kabila zao, hata kwa nia njema. Katika Katanga tunajua orodha za namna hiyo zimetumiwaje. Msiandike mienendo ya watu wenye silaha, wawe wa jeshi au wa msituni. Msipige picha zao. Jina la mtu aliyekuambia jambo la hatari lisikae pamoja na jambo lenyewe. Tumia alama unayoijua wewe, kama mama yetu alivyoandika "jirani wa mfereji" bila jina.

Mtu akikusimulia aliyotendewa, hasa ubakaji au mauaji ya ndugu, hadithi hiyo ni yake. Usiiandike bila ruhusa yake, na usiitume kwa WhatsApp hata kwa rafiki mmoja, kwa kuwa rafiki mmoja ana marafiki. Akitaka iandikwe kwa ajili ya haki, mpeleke kwa watu waliofundishwa kupokea ushuhuda na wenye mahali pa kuutunza.

Wekeni neno la siri kwenye simu. Lakini jueni kwamba mtu mwenye bunduki akikuambia ufungue, utafungua. Ulinzi wa kweli ni kwamba kipande cha hatari hakimo.

Zoezi kabla ya mkutano wa pili

Kila mmoja aandike vipande vitatu: kimoja juu ya mtoto au ndugu, kimoja juu ya mahali alipotoka, kimoja juu ya mtu aliyemtendea wema wakati wa kukimbia. Kila kipande kiwe na tarehe, NIMEONA, NIMESIKIA, NADHANI, na *Tazama*. Wasioandika wasaidiwe na jirani, kisha wasomewe walichosema.

Katika mkutano wa pili, kila mmoja achague mwenyewe kipande anachotaka kukisoma kwa sauti. Hakuna anayelazimishwa. Baada ya kusoma, jadilianeni:

Je, kuna neno ulilolihamisha kutoka NIMEONA kwenda NIMESIKIA ulipokuwa unaandika? Ulijisikiaje?

Katika kambi yetu ni habari gani ambayo watu wote wanaisimulia? Je, yupo kati yetu hata mmoja aliyeiona kwa macho?

Tukirudi nyumbani, kipande gani tungependa jirani yetu wa zamani akisome? Na kipi tungeogopa akisome?

Kamati yetu inatunza nini, wapi, na nani mwingine ana nakala?

Katika maneno tuliyoyasema leo, ni yapi yasiyopaswa kuandikwa?